Kani Kitovu Haifanyi Kazi: Mwongozo Kamili wa Kujipimia kwa Uzi, Kifutio na Chupa ya Maji

Swali hili linarudi kila muhula. Kifutio cha gramu 20 kinazungushwa kwa kasi isiyobadilika ya mita 6.26 kwa sekunde kwenye duara lenye nusukipenyo cha sentimita 80. Kani inayokivuta kuelekea kitovuni, yaani kani kitovu, inafanya kazi kiasi gani, yaani inakipa nishati kiasi gani, kwa mzunguko mmoja?

Na kila muhula nafungua daftari baada ya daftari nakuta jibu lile lile: kani mara mzingo wa duara, karibu jouli 5. Wachache wanaandika sifuri, lakini ukiwauliza kwa nini, wanasema ni kwa sababu kifutio kimerudi pale kilipoanzia. Jibu ni sahihi, sababu si sahihi. Swali likigeuzwa kidogo tu, likaulizia nusu ya mzunguko, nao wanaanguka.

Nimelieleza jambo hili kwa chaki mara nyingi bila mafanikio ninayoyataka. Kilichowafungua wanafunzi ni kulishika kwa mikono yao, hasa kuitazama ile chupa inayoning'inia chini ya uzi. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke. Darasani mada hii hufundishwa kwa Kiingereza. Hapa tunaisema kwa Kiswahili mpaka ikae, na alama za kanuni ni zile zile unazozijua.

## Vifaa unavyohitaji

- Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, mita 1.5. Chagua ule laini. Uzi wa kushonea unalika haraka kwenye ukingo wa bomba na kukatika.
- Ganda tupu la kalamu ya wino, lililo wazi pande zote mbili.
- Kifutio kikubwa cha mpira, au kizibo cha mpira cha maabara, cha gramu 20 hivi.
- Chupa ndogo ya plastiki yenye mfuniko, na maji.
- Bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, la mililita 10 au 20.
- Futi ya fundi cherehani.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kamera ya video.
- Rangi ya kucha, au wino usiofutika.
- Kipande cha msasa na tepu.
- Mizani inayosoma gramu. Kama shuleni hakuna, sonara anayo, na kupima kifutio na chupa tupu ni kazi ya dakika moja.
- Msaidizi mmoja, na uwanja ulio wazi.

Usitumie nati, jiwe wala betri badala ya kifutio. Kitu hiki kitakwenda mita 6 kwa sekunde, na uzi ukikatika kitamfikia mtu kabla hajageuka.

## Hatua ya 1: Lainisha bomba

Sugua kingo zote mbili za ganda la kalamu kwa msasa mpaka kidole kisihisi ncha yoyote. Zungushia tepu sehemu ya kushika.

Sababu yake ni kwamba chupa itakuwa inaning'inia chini na kifutio kinazunguka juu, na tunataka uzito wa chupa ufike kwenye kifutio mzima mzima. Ukingo mkwaruzo unaiba sehemu ya mvuto wa uzi, na hesabu zote zinazofuata zinapinda.

Utajua umefaulu ukipitisha uzi na kuuvuta huku na huku bila kuhisi unakwama.

## Hatua ya 2: Pima tungamo, weka uwiano wa tano kwa moja

Pima kifutio. Kisha pima chupa tupu pamoja na mfuniko wake. Ongeza maji kwa bomba la sindano mpaka chupa, mfuniko na maji kwa pamoja viwe na tungamo mara tano ya kifutio. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo ni hesabu ya kutoa tu.

Mfano: kifutio ni gramu 20, chupa itakuwa gramu 100. Ikiwa chupa tupu ni gramu 16, weka mililita 84 za maji.

Kifutio chako kikiwa cha gramu 18, chupa iwe 90. Ukishika uwiano huu, muda wa mzunguko utakuwa ule ule kwa kila mtu, na hapo utaweza kulinganisha matokeo yako na yangu.

## Hatua ya 3: Funga uzi na uweke alama

Toboa kifutio katikati, pitisha uzi, funga mafundo matatu. Pitisha ncha ya pili ndani ya bomba kutoka juu kwenda chini, kisha ifunge shingoni mwa chupa.

Vuta uzi mpaka umbali kutoka mdomo wa juu wa bomba hadi katikati ya kifutio uwe sentimita 80 kamili. Hapo hapo, weka nukta ya rangi ya kucha kwenye uzi, sentimita moja chini ya mdomo wa chini wa bomba. Subiri ikauke.

Wengi hutumia kibanio cha nguo kama alama. Usifanye hivyo. Kibanio kina tungamo lake, kinajiongeza kwenye chupa bila wewe kukihesabu, na kikipanda kikagusa bomba kinabeba sehemu ya mzigo.

## Hatua ya 4: Zungusha mpaka chupa itulie

Simama katikati ya uwanja. Msaidizi akae mita 3 kutoka kwako au zaidi. Vaa miwani kama unayo.

Inua bomba juu ya kichwa, shika chupa kwa mkono mwingine, anza kuzungusha taratibu. Kasi ikiongezeka, iachie chupa polepole. Ukizungusha mno, chupa inapanda na nukta inaingia ndani ya bomba. Ukilegea, chupa inashuka. Tafuta ile kasi ambayo nukta inakaa sentimita moja chini ya bomba bila kupanda wala kushuka.

Hapa panahitaji uvumilivu. Mara ya kwanza chupa itacheza kama ndoo ya kisimani. Endelea tu, mkono utajifunza baada ya dakika chache.

Kufaulu kunaonekana hivi: kifutio kinakimbia duara, chupa imetulia mahali pamoja. Mwambie msaidizi apige video ya chupa, si ya kifutio. Video hiyo ndiyo ushahidi wako katika hatua ya 7.

### Kwa nini uzi umeinama?

Utaona kifutio hakizunguki usawa wa mdomo wa bomba. Kipo chini yake kidogo, sentimita 16 hivi. Hujakosea. Uzi una mambo mawili ya kufanya: kukivuta kifutio kuelekea kitovuni, na kukibeba kisianguke. Bila kuinama hauwezi kukibeba. Kwa uwiano wetu wa tano kwa moja, uzi unainama nyuzi 11.5 hivi.

Je, hili linaharibu hesabu? Kanuni ya kani, F = mv²/r tutakayoitumia hatua ya 6, inabaki kuwa kweli ukiweka mvuto wote wa uzi pamoja na urefu wote wa uzi, kwa sababu vyote viwili vinapungua kwa kiwango kile kile unapotazama upande wa mlalo tu. Nusukipenyo halisi cha duara ni sentimita 78.4, na nishati halisi ni pungufu kwa asilimia 4 ya ile nitakayoandika. Nitatumia 80 ili namba zisomeke.

## Hatua ya 5: Pima muda wa mizunguko 20

Chupa ikishatulia, msaidizi ahesabu hivi: "Sifuri, moja, mbili..." na abonyeze saa kwenye sifuri. Akianzia "moja", atapima mizunguko 19 na kudhani ni 20. Kosa hili dogo nimelikuta kwenye makundi mengi kuliko lolote lingine.

Rudia mara tatu, chukua wastani. Kanuni ya kani, kwa uwiano wetu wa tano kwa moja na uzi wa sentimita 80, inatoa sekunde 16.06. Ukipata kati ya 15 na 17, kazi yako ni nzuri. Ukipata 14, urefu wa uzi umepungua wakati unazungusha: nukta ilishuka chini na hukuiona.

## Hatua ya 6: Hesabu kasi, kani na nishati mwendo

Fanya kwa mita na kilogramu tangu mwanzo. Gramu zikiingia kwenye kanuni ya nishati, jibu linakuwa kubwa mara elfu.

Muda wa mzunguko mmoja: 16.06 ÷ 20 = sekunde 0.803.

Mzingo: 2 × 3.142 × 0.80 = mita 5.03.

Kasi: 5.03 ÷ 0.803 = mita 6.26 kwa sekunde.

Kani inayohitajika: F = mv²/r = 0.020 × 39.2 ÷ 0.80 = nyutoni 0.98.

Uzito wa chupa: 0.100 × 9.8 = nyutoni 0.98.

Simama hapo kidogo. Weka muda uliopima wewe mahali pa 16.06: namba mbili za mwisho zitatoka njia mbili tofauti kabisa, moja kwenye saa na futi, nyingine kwenye maji, na zitakaribiana. "Kani kitovu" si kani mpya iliyotokea hewani. Ni jina la jukumu, na hapa jukumu hilo limebebwa na uzi, nao uzi unavutwa na uzito wa chupa. Kwenye gari linalokata kona jukumu hilo hubebwa na msuguano wa tairi. Kwa mwezi unaozunguka dunia, hubebwa na mvutano wa dunia.

Nishati mwendo: ½mv² = ½ × 0.020 × 39.2 = jouli 0.392.

## Hatua ya 7: Iulize chupa

Sasa rudi kwenye lile jibu la jouli 5. Mwanafunzi amechukua 0.98, akazidisha kwa 5.03, akapata jouli 4.93 kwa mzunguko mmoja. Tumpe nafasi, tuseme ni kweli, halafu tuone kitakachofuata.

Kani iliyotumika imetoka kwenye uzito wa chupa. Kama kani hiyo imekipa kifutio jouli 4.93, basi chupa imezitoa. Chupa ina njia moja tu ya kutoa nishati: kushuka. Gawanya 4.93 kwa 0.98: chupa ingepaswa kushuka mita 5.03 katika kila mzunguko. Mita tano! Wewe mwenyewe una urefu usiofika mita mbili.

Fungua video. Chupa haikushuka hata sentimita moja, mzunguko wa kwanza mpaka wa 20. Haikutoa chochote, kwa hiyo kifutio hakikupokea chochote kutoka kwake. Kazi ni sifuri, na umeiona kwa macho.

Angalia na upande wa pili wa hesabu. Kifutio kingekuwa kinaongezewa jouli 4.93 kila mzunguko, baada ya mzunguko mmoja tu kingekuwa na jouli 5.32 na kasi ya mita 23 kwa sekunde. Baada ya mizunguko 20 kingefika mita 99 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Lakini saa yako imeonyesha muda ule ule kwa kila mzunguko.

## Hatua ya 8: Toa sababu iliyo sahihi

Kazi ni kani mara umbali uliosogea *kwa upande wa ile kani*. Kani ikielekea upande mmoja na kitu kikasogea kwa pembe ya nyuzi 90 kutoka huo upande, hakuna hata milimita moja iliyosogea kwa upande wa kani. Kwa alama: W = Fs cos θ, ambapo θ ni pembe kati ya kani na mwendo, na kosaini ya nyuzi 90 ni sifuri.

Kwenye duara, uzi unavuta kuelekea kitovuni. Kifutio, kila unapokikamata, kinaelekea ubavuni, kwenye mstari unaoligusa duara. Pembe ni nyuzi 90 sasa hivi, na nukta inayofuata, na inayofuata tena. Kani inageuza mwelekeo wa mwendo lakini haigusi kasi, na nishati mwendo inajua kasi tu, haijui mwelekeo.

Sasa ile sababu ya uongo, "kimerudi kilipoanzia". Niipinge kwa mifano miwili, maana ndiyo inayowaponza wanaojiona wameelewa.

Wa kwanza: nusu ya mzunguko. Kifutio hakijarudi kilipoanzia, kipo upande wa pili, mita 1.6 mbali. Mwenye sababu ya uongo atazidisha 0.98 kwa 1.6 na kupata jouli 1.57. Kazi bado ni sifuri. Kilichobadilika ni mwelekeo: kasi ileile ya 6.26 sasa inaelekea kinyume.

Wa pili: hewa inayokipinga kifutio kikikimbia. Tuseme inapinga kwa nyutoni 0.02. Kani hii daima inaelekea nyuma, kinyume cha mwendo, kwa hiyo pembe ni nyuzi 180. Mzunguko mzima: 0.02 × 5.03 = jouli 0.10 zimepotea, ingawa kifutio kimerudi pale pale. Kama kurudi mahali pa kuanzia kungefanya kazi iwe sifuri, hewa isingekula nishati yoyote.

Usiandike "kwa sababu imerudi ilipoanzia" kwenye karatasi ya mtihani. Andika "kwa sababu kani iko kwenye pembe ya nyuzi 90 na mwendo katika kila nukta".

### Mbona mkono unachoka?

Swali zuri, na anayeliuliza anafikiri. Mkono wako hufidia nishati inayoliwa na hewa na msuguano wa bomba kila mzunguko. Tazama mkono kwa makini: hautulii, unachora duara dogo, na unakitangulia kifutio kidogo. Kwa kutangulia huko uzi hauvuti kitovuni moja kwa moja, unavuta mbele kidogo, na hapo ndipo nishati inapopita. Pia msuli hutumia nishati hata ukiwa umekaza tu bila kusogeza kitu, kama unavyojua ukiwa umebeba gunia umesimama.

Lithibitishe. Ukiwa unazungusha vizuri, shikilia bomba lisitikisike kabisa. Chupa itaanza kushuka na kifutio kitaanza kuingia ndani. Ikishuka sentimita 10, imetoa jouli 0.098. Hapo sasa uzi umefanya kazi kweli, kwa sababu kifutio kimesogea kuelekea unakovutwa uzi. Hilo ndilo linalotupeleka hatua inayofuata.

## Hatua ya 9: Vuta uzi ndani, uone kazi ikifanyika

Jaribio hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mkono unahisi kanuni kabla macho hayajaisoma.

Weka nukta ya pili ya rangi kwenye uzi, sentimita 40 juu ya nukta ya kwanza. Funga kijiti kidogo kwenye uzi juu kidogo ya chupa, uwe na pa kushika. Usiuzungushe uzi kwenye vidole: nailoni nyembamba ikikazwa inakata ngozi.

Msaidizi aanze kupiga video ya kifutio kwa mwendo wa polepole, akiwa mbali. Zungusha mpaka chupa itulie. Kisha vuta kijiti chini bila kusita mpaka nukta ya pili itokeze chini ya bomba. Uzi wa juu sasa ni sentimita 40.

Utahisi mambo mawili. Kifutio kinachangamka ghafla, kinavuma. Na uzi unakuwa mzito mkononi, mzito kuliko ulivyotarajia.

Namba zake, bila kuhesabu hewa na msuguano: nusukipenyo kikipungua nusu, kasi inakuwa mara mbili, mita 12.5 kwa sekunde. Muda wa mzunguko unashuka kutoka sekunde 0.80 hadi 0.20. Kani inapanda mara nane, kutoka nyutoni 0.98 hadi 7.84. Nishati mwendo inakuwa mara nne, kutoka jouli 0.39 hadi 1.57.

Jouli 1.18 zimeongezeka. Kama 0.39 zimetoka kwenye chupa, iliyoshuka sentimita 40, na 0.79 zilizobaki zimetoka mkononi mwako ulipokuwa unavuta. Kani ni ile ile ya kuelekea kitovuni, uzi ni ule ule. Kilichobadilika ni njia: kifutio hakikukimbia duara tena, kilikimbia njia inayojikunja ndani, na pembe kati ya uzi na mwendo ikawa chini ya nyuzi 90.

Kwenye video, hesabu picha za mzunguko mmoja kabla na baada ya kuvuta. Simu ikipiga picha 30 kwa sekunde, kabla utapata 24 na baada utapata 6 au zaidi kidogo. Hewa inapunguza, kwa hiyo ukipata 7 au 8 usifute. Umefaulu.

### Jambo lile lile angani

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo maana ikapewa jina hilo la Kiswahili. Ilizunguka dunia kwenye njia iliyokaribia kuwa duara, zaidi ya kilomita 500 juu, kwa kasi ya kilomita 7.6 hivi kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa dakika 96.

Hakuna injini iliyokuwa inaisukuma kuzunguka. Mvutano wa dunia uliivuta muda wote bila kufanya kazi yoyote, kwa sababu ile ile ya chupa yako iliyotulia.

Lakini huko juu kuna hewa nyepesi sana, nayo inakula nishati kidogo kidogo. Setilaiti ikipoteza nishati inashuka, na ikishuka njia yake inajikunja ndani, kama kifutio ulichokivuta. Mvutano wa dunia unaanza kufanya kazi, na kasi *inaongezeka*. Hewa inapinga, na bado chombo kinakwenda kasi zaidi: aliyefanya hatua ya 9 hashangai. Uhuru iliingia angahewa mwaka 1979.

## Hatua ya 10: Geuza duara liwe wima

Toa bomba na chupa. Shika uzi wa sentimita 80 wenye kifutio, uzungushe wima ubavuni mwako, polepole kadiri uwezavyo bila uzi kulegea juu. Msaidizi apige video kutoka upande.

Kasi haitakuwa moja. Juu kifutio kinajivuta, chini kinakimbia. Safari hii uzito wa kifutio hauko kwenye pembe ya nyuzi 90 na mwendo, kwa hiyo unafanya kazi: unakizuia kikipanda, unakisukuma kikishuka.

Kwa uzi kubaki umekaza, kule juu kasi isipungue √(gr) = √(9.8 × 0.80) = mita 2.8 kwa sekunde. Kutoka juu hadi chini kifutio kinashuka mita 1.6, na uzito unakipa 0.020 × 9.8 × 1.6 = jouli 0.314. Chini kasi inakuwa mita 6.26 kwa sekunde. Ndiyo, ile ile ya duara la mlalo. Imetokana na uwiano wetu wa tano kwa moja.

Kazi ya uzito kwa mzunguko mzima hapa ni sifuri pia, ila kwa sababu tofauti: −0.314 kupanda, +0.314 kushuka, vinafutana. Ulizia nusu mzunguko, kutoka juu hadi chini, na jibu si sifuri tena. Uzi kwa upande wake, mkono ukiwa umetulia, unabaki sifuri katika kila nukta. Ukiweza kutenganisha sifuri hizi mbili, umeishika mada hii.

## Jipime

Gari la kilogramu 1,200 linazunguka robo ya kipilefti chenye nusukipenyo cha mita 20, kwa mita 10 kwa sekunde. Msuguano wa ubavuni unafanya kazi gani? Kani ni 1,200 × 100 ÷ 20 = nyutoni 6,000. Njia ni mita 31.4. Kazi ni sifuri, na nishati mwendo inabaki jouli 60,000. Ukiwa umeandika 188,400, rudi hatua ya 7.

Pangaboi linazunguka kwa kasi moja. Umeme unakwenda wapi? Hauendi kwenye kuyageuza mapanga. Unakwenda kwenye kusukuma hewa inayokupoza, kwenye msuguano wa beringi, na kwenye joto la waya wa mota. Zima umeme, uone linavyoendelea kuzunguka lenyewe mpaka hewa na beringi zimalize nishati iliyobaki.

Uzi wa kifutio unakatika kikiwa kwenye mita 6.26 kwa sekunde. Nishati mwendo yake inakuwa kiasi gani mara tu baada ya kukatika? Jouli 0.392, kama kabla. Uzi haukuwa unampa wala kumnyang'anya mtu chochote. Ulikuwa unageuza tu. Kifutio kinaondoka kwa mstari ulionyooka, ule unaoligusa duara, na ndiyo maana msaidizi wako alisimama mbali.